Mafuriko ya Garissa na Mali ya Kutengenezea Yaliyobomoka

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu wa Mombasa, Malindi, Lamu na miji yote ya pwani! Si khabari ngeni kwenu yaliyowafika ndugu zetu wa Garissa na nchi yote ya Kaskazini Mashariki ya Kenya. Kwanza uliwashukia ukame wa misimu mitano ya mvua mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022, wakafiwa na ng'ombe, mbuzi na ngamia wasio na hesabu. Kisha, kabla hawajavuta pumzi, zikaja mvua za El Niño mwezi wa Novemba 2023. Ardhi iliyokuwa imekuwa ngumu kama sakafu haikuweza kunywa maji. Mto Tana ukapanda kingo zake. Na barabara iliyo baina ya Garissa na Madogo, ambayo ndiyo njia ya kwenda Nairobi, ikawa kama bahari, watu wakivushwa kwa mashua pale pale yalipokuwa yakipita mabasi. Hawajamaliza kukausha magodoro yao, masika ya 2024 yakaja na mengine kama hayo. Tarehe 9 Aprili 2024 basi lilisombwa na maji karibu na Madogo, na abiria 51 wakaokolewa kwa fadhila ya Mungu. Tarehe 28 ya mwezi huo huo mashua ikapinduka hapo Madogo, watu 23 wakaokolewa, na wengine wakafa maji. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Walakini makala hii haikuandikwa kwa ajili ya kuusimulia msiba, kwani msiba umekwisha kusimuliwa sana. Twataka kusema juu ya jambo ambalo halina msemaji, nalo ni mali. Maji yakisha kupungua, nani atatoa mali ya kuijenga barabara iliyokatika, na kalvati lililong'oka, na pampu ya maji iliyojaa tope, na zahanati iliyoanguka ukuta, na vyoo vya skuli vilivyojaa hata vikamwaga uchafu wake visimani?

Dasturi yetu sisi watu wa pwani, ikija khabari ya msiba, ni kuchanga unga, mchele, mafuta, tende na mablanketi, na kulijaza lori likaenda. Ni dasturi njema, na Mungu atuzidishie. Lakini mtazame mtu yule yule aliyetoa gunia la mchele kwa moyo mkunjufu, umwambie baada ya miezi mitatu, "Bwana, twataka kununua mabomba ya maji ya mtaa wao." Atakutazama kama uliyemtaka akununulie wewe ng'ombe! Mtu mwenye njaa huliliwa. Barabara iliyokufa haina wa kuililia. Na hali ya kweli ni kwamba yule mtoto tuliyemlisha mchele wetu mwezi wa Desemba, akiyanywa maji yaliyochanganyika na vyoo, huenda akafa kwa kipindupindu mwezi wa Januari, na mchele wetu umo tumboni mwake.

Na watu wa majlisi zetu wana maneno matatu ambayo husema kila jambo hili likitajwa.

Wengine husema: haya ni kadari, na wengine huzidi wakasema ni adhabu. Hawa wa adhabu hatutawajibu kwa maneno mengi. Nani aliyewaonyesha siri za ghaibu? Waliokufa maji walikuwa ni wasafiri wanaokwenda kwenye shughuli zao, na Mtume wetu (S.A.W.) amemhesabu aliyekufa maji kuwa ni katika mashahidi. Basi je, mtu atamwita shahidi kuwa ni mwenye kuadhibiwa?

Ama kadari, ni haki, nasi twaiamini, kheri yake na shari yake. Lakini sikilizeni lililotokea Makka katika mwaka wa 17 wa Hijra, zama za Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Yalikuja mafuriko makubwa ambayo wanahistoria wameyaita mafuriko ya Ummu Nahshal, yakaingia Msikiti Mtakatifu, yakaling'oa jiwe la Makamu Ibrahim mahali pake na kulichukua hata upande wa chini wa mji. Khabari ilipomfikia Sayyidna Umar huko Madina hakusema "Ni kadari" kisha akalala. Alipanda akenda mwenyewe. Alipofika akauliza nani anayejua mahali khasa lilipokuwa jiwe lile. Akasimama Al-Muttalib bin Abi Wadaa akasema kwamba yeye alikuwa akilikhofia jambo kama hili tangu zamani, basi alipima kwa kamba masafa kutoka jiwe hata pembe na mlango, na kamba ile ameiweka nyumbani. Ikaletwa, jiwe likarejezwa mahali pake. Kisha Sayyidna Umar akaamrisha lijengwe boma la mawe makubwa na udongo upande wa juu wa Makka, ili maji yasiingie tena kwa njia ile. Hivi ndivyo alivyoifahamu kadari mtu ambaye kwa ulimi wake haki ilikuwa ikipita.

Na mafuriko ya Garissa hayaji kama mwizi. Mto Tana unaanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita katika mabwawa ya umeme: Kindaruma lililojengwa 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Bwawa la Masinga likijaa likafurika, maji yale yana safari ya siku kadhaa kabla hayajaingia Garissa, na watu huonywa. Wazee wa huko wanayakumbuka mafuriko ya 1961. Wanayakumbuka zaidi ya 1997 na 1998, ambapo mbu waliozaliwa katika madimbwi walileta homa ya Bonde la Ufa, ikaua mifugo na watu wengi katika Garissa. Basi jambo lililokuja mara nne na likajulikana njia yake, mtu mwenye akili hulingoja la tano na kamba yake ya kupimia imo mkononi.

Neno la tatu ndilo lenye nguvu, nalo ni kusema: hii ni kazi ya Serikali, nasi twatoa kodi. Msemaji huyu ana haki kuliko wale wawili, wala hatutamnyang'anya haki yake. Imepokewa kwa Sayyidna Umar kwamba alikhofu kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa katika nchi ya Iraki kwa kuwa hakumsawazishia njia. Ikiwa mtawala ataulizwa juu ya mnyama, je, juu ya basi zima la watu?

Lakini wengi wanaosema "ni kazi ya Serikali" hawajui ni serikali ipi, wala ni mali ipi. Katika Katiba ya Kenya ya 2010 kazi zimegawanywa. Barabara kuu kama ile ya Nairobi na Garissa ni ya Serikali ya Taifa. Zahanati, masoko, maji ya mji na barabara ndogo ni za Serikali ya Kaunti. Na mto wenyewe umekuwa mpaka: Garissa iko ng'ambo ya mashariki, na Madogo iko katika Kaunti ya Tana River. Kwa hivyo daraja moja lina wakubwa watatu, na mtungi wenye wenyewe watatu, kila mmoja akimtazama mwenzake, ndio unaopasuka.

Ama mali, iko, na imeandikwa. Kifungu cha 208 cha Katiba kimeweka Mfuko wa Dharura wa Taifa, na sheria ya fedha za umma ya 2012 imeupa mpaka wa shilingi bilioni 10. Sheria hiyo hiyo imeiruhusu kila kaunti kuwa na mfuko wake wa dharura usiozidi asilimia 2 ya mapato yake. Kisha kuna Kifungu cha 204, kilichoweka Mfuko wa Usawazishaji: nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa ya kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, matibabu na umeme katika nchi zilizosahauliwa. Orodha ya kwanza ya nchi hizo ilikuwa na kaunti 14, na ndani yake zimo Garissa, Wajir na Mandera, na kadhalika zimo Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. Tazameni basi, enyi watu wa pwani! Mwandishi wa orodha ile ametuweka katika ukurasa mmoja na ndugu zetu wa Garissa, nasi bado twawahesabu kuwa ni watu wa mbali.

Natupige hesabu kidogo. Fungu la Garissa kutoka katika hazina ya taifa kwa mwaka wa 2021/22 lilikuwa karibu ya shilingi bilioni 8. Asilimia 2 ya hizo haifiki hata shilingi milioni 160, na hizo ni za dharura zote za mwaka: ukame, maradhi, moto na mafuriko. Mtu yeyote aliyewahi kujenga nyumba ya mawe ataona kwamba mali hii haiwezi kuyarejesha yote yaliyochukuliwa na mto. Kwa hivyo kuna haja mbili: kuilinda hiyo kidogo isipotee, na kuidai ile kubwa ya taifa isicheleweshwe. Na Katiba, katika Kifungu cha 201, imewapa raia haki ya kushiriki katika mambo ya fedha za umma. Makadirio ya kaunti hupelekwa katika bunge lake kabla ya mwisho wa Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo watu huitwa mikutanoni waseme. Ni wangapi katika sisi wanaokwenda? Baada ya sala ya Alasiri baraza zimejaa, kahawa inapita, na kila mtu ni waziri wa fedha. Siku ya mkutano wa bajeti viti ni vitupu, na wanaokuja ni wale waliolipwa nauli.

Na hapa pana mas-ala ambayo wanavyuoni wetu wa Kishafii wameyasema zamani. Je, mtawala anaweza kuwatoza raia mali zaidi kwa ajili ya dharura? Sheikh Izzuddin bin Abdissalam aliulizwa jambo hili huko Misri, Matatari walipokuwa njiani kuja, na Sultan Qutuz akataka kuchukua mali ya watu kwa ajili ya jeshi. Jawabu lake lilikuwa kwamba yajuzu, ila kwa sharti: isibaki kitu katika Baitulmali, na maamiri wauze vitu vyao vya dhahabu na mapambo yao ya thamani, kila mmoja abaki na farasi wake na silaha yake, awe sawa na mtu wa kawaida. Ama kuchukua mali ya raia, na hali vya dhahabu vimo mikononi mwa wakubwa, akakataza. Baada ya hapo wakenda Ain Jalut wakashinda, mwaka wa 658 wa Hijra. Fatwa hii haijazeeka. Mkubwa yeyote anayewahimiza maskini wachangie daraja, naye mwenyewe hana safari aliyoiacha wala gari la fahari aliloliuza, na asome jawabu la Sheikh Izzuddin kwanza.

Lakini, ndugu zangu, kudai haki hakumwondolei mtu wajibu wake. Kesi yaweza kukaa mahakamani miaka saba. Kiu haikai siku saba. Kwa hivyo twaja kwenye mali iliyomo mikononi mwetu sisi wenyewe.

Katika darasa yetu limeulizwa suala: yajuzu kutoa zaka kwa kutengeneza barabara, visima na zahanati za Garissa? Jawabu ni kwamba, kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya ndugu zetu Wasomali pia, na kwa kauli ya wengi katika maimamu wane, zaka haijengi daraja wala msikiti. Zaka ni haki ya watu waliotajwa katika Sura ya Tawba, mafungu manane, nao sharti wamilikishwe, na daraja halimiliki kitu. Wako wanavyuoni wa karne iliyopita, kama Sayyid Muhammad Rashid Rida na Sheikh Mahmud Shaltut, walioipanua maana ya njia ya Mwenyezi Mungu hata ikaingia kila maslaha ya Waislamu wote. Anayewafuata hatukanwi wala haitwi mzushi. Sisi twaona salama ya mtu ni kuitoa zaka yake mahali pasipo khitilafu, khasa kwa kuwa mahali hapo papo na pana watu wengi. Mujahid, mwanafunzi wa Ibn Abbas, alipoyafasiri mafungu ya zaka alimhesabu katika wenye madeni mtu ambaye mafuriko yamechukua mali yake. Angalieni ajabu hii! Mkulima wa kando ya Tana aliyekopa kwa kununua pampu na mbegu, mto ukaja ukachukua vyote na deni likabaki, ametajwa na wafasiri zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili kabla hajazaliwa.

Tena huulizwa kuhusu kuihamisha zaka ya Mombasa kuipeleka Garissa. Mashuhuri katika vitabu vyetu ni kwamba zaka haihamishwi maadamu mjini mwako wako wanaostahiki, na wako wanavyuoni, hata katika Mashafii, waliojuzisha kwa haja kubwa. Sadaka ya khiyari haina mpaka huu kwa kauli yoyote. Basi mwenye kuona uzito katika zaka na atoe sadaka, asiifanye fik-hi kuwa ni kufuli ya mfuko wake.

Sasa twafikia jambo ambalo kwalo khasa tumeshika kalamu. Kila pakiwa na mchango mkubwa, pana watu huja na mali ambayo kila mtu anajua ilikotoka, nao hupewa kiti cha mbele. Mfanya magendo ya madawa hutoa laki, mla riba hutoa laki mbili, mwanasiasa hutoa katika alichokichukua cha umma kuwarejeshea umma kijisehemu na kupigiwa makofi. Nasi husema: mradi kisima kijengwe.

Wajinga wa Makka walikuwa na haya kuliko sisi. Mtume (S.A.W.) alikuwa ni mtu wa miaka 35, bado hajapewa utume, na Al-Kaaba ilikuwa imepasuka kuta zake kwa mafuriko. Makureshi wakaazimia kuibomoa na kuijenga upya. Palikuwa na chombo cha Warumi kilichovunjika katika pwani, wakanunua mbao zake kwa ajili ya dari. (Watu wa bandari hawakosi kupata jambo la kupendeza katika khabari hii.) Kisha akasimama katika wao Abu Wahab bin Amri, akawaambia wasitie katika jengo lile ila chumo lililo safi: yasiingie malipo ya mwanamke mzinifu, wala mauzo ya riba, wala dhulma ya mtu yeyote. Hao ni washirikina! Walikuwa wakiabudu masanamu, na riba ndiyo biashara yao, na wote wakajua kwamba mali yao wameichanganya. Wakaitenga iliyo safi. Walipoihesabu ikawa haitoshi.

Walifanyaje? Je, walisema, "Mradi nyumba ya Mungu ikamilike"? La, hasha! Walijenga kwa kadiri ya mali iliyo safi, na upande uliobaki, kiasi cha dhiraa sita, wakauacha nje, wakauzungushia kijiukuta kifupi ili ijulikane kwamba ni katika nyumba. Huo ndio Hijri Ismail, ambao kila mwenye kuhiji katika sisi ameuona kwa macho yake na kuuzunguka katika tawafu. Bibi Aisha (R.A.) alipomuuliza Mtume kwa nini hawakuutia ndani, alimjulisha kwamba watu wake walipungukiwa na matumizi. Basi upungufu ule unasimama hata leo mbele ya macho ya mahujaji, nao ni ushahidi kwamba watu walipendelea jengo pungufu la halali kuliko jengo timamu la haramu. Tungekuwa sisi, tungelikamilisha, na juu ya mlango tungetia kibao cha jina la mfadhili.

Mtu atasema: mbona Imam Ghazali, na Imam Nawawi baada yake, wamesema kwamba mwenye mali ya haramu asiyemjua mwenyewe aitumie katika maslaha ya Waislamu, na wakataja madaraja kwa jina lake? Ni kweli wamesema, na kauli yao ni sahihi. Lakini wamesema hivyo juu ya mwenye kutubia ambaye anataka kuitoa mali ile shingoni mwake. Huyu haitoi kwa kutaka thawabu za sadaka wala sifa, bali anajisafisha nayo kama mtu anavyoondoa najisi nguoni. Mtu mwenye riba ya benki iliyomwingilia katika hesabu yake pasi na kuitaka, naye ataka kuitoa, na aipeleke huko, kwa siri, katika vyoo na mitaro na barabara. Kuna faida, wala hana la kujisifia. Ama yule anayeendelea na magendo yake asubuhi, na jioni ataka aombewe dua kwa laki aliyotoa, fatwa ya Imam Nawawi haimhusu. Na akijulikana mwenyewe wa mali, kama mali ya kaunti iliyoibiwa, haina sadaka hata kidogo: hurejezwa yote alikotolewa, na mwizi ahukumiwe.

Na katika kisa hicho hicho mna funzo jingine kwa watu wa Garissa wenyewe. Makureshi waligawanya kazi: kila ukoo upande wake wa ukuta. Jengo likapanda kwa mashindano mema, hata walipofika kwenye Jiwe Jeusi wakagombana nani ataliweka, wakakaribia kumwagana damu. Mtume (S.A.W.) akatandika kitambaa, jiwe likawekwa juu yake, kila ukoo ukashika upande. Huko Garissa, na pwani kwetu vile vile, zahanati ngapi zimekawia kwa ugomvi wa koo na mitaa, kila mmoja akitaka ijengwe mbele ya mlango wake? Kushindana katika kuchanga na kubeba mawe ni jambo jema, nako kwaweza kugawanywa kwa koo. Mahali pa kuweka zahanati hapagawanywi kwa koo. Hupimwa na mhandisi atakayesema maji yanafika wapi.

Baada ya mali kuwa safi, inatakiwa iwe na daftari. Mtume wetu (S.A.W.) alimtuma mtu jina lake Ibnu Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporejea akasema kwamba hii ni yenu na hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari, akauliza mbele ya watu: je, mtu huyu angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi ile ingemfuata? Hakumwita chemba akamnong'oneza, bali amelisema jambo juu ya mimbari, kwani mali ya watu hesabu yake ni mbele ya watu. Na leo mchango wa mafuriko hutangazwa kwa nambari ya simu ya mtu mmoja, fedha zikaingia katika simu yake pamoja na fedha zake za nyumbani, na akiulizwa hukasirika: "Hamniamini?" Ewe bwana, swali hili si la imani. Sayyidna Umar ni nani mbele yako? Naye aliulizwa hadharani juu ya urefu wa nguo yake, akajibu.

Basi twawausia maimamu na wazee wa misikiti ya pwani wanaokusanya kwa ajili ya Garissa: hesabu iwe ya benki na yenye saini za watu watatu, mmoja wao awe mtu wa Garissa anayeiona kazi kwa macho, kila senti na stakabadhi yake, na kila mwisho wa mwezi ibandikwe karatasi katika mlango wa msikiti, mapato na matumizi. Mwanamke aliyetoa shilingi hamsini zake za kuuza maandazi ana haki ya kuisoma karatasi ile kama tajiri aliyetoa laki.

Limebaki jambo la wakfu, nalo ndilo dawa ya miaka mingi. Mchango ni kama mvua, hupiga ukakatika, na pampu huharibika kila mwaka. Sayyidna Uthman (R.A.) alikinunua kisima cha Ruma watu wa Madina walipokuwa wakiuziwa maji, akakifanya cha Waislamu wote. Sayyidna Umar alipopata shamba lake bora huko Khaybar, Mtume alimwelekeza azuie asili yake na atoe mazao yake, lisiuzwe wala lisirithiwe. Sisi pwani tumerithi nyumba za wakfu nyingi, na mwaka wa 1951 ilitungwa sheria ya makamishna wa wakfu. Lakini wakfu nyingi za wazee wetu ziliwekewa sharti la mafuta ya taa, na kisomo, na futari, nazo ni kheri. Chache sana zilizowekewa sharti la kutengeneza barabara au kisima. Na hata hizo tulizo nazo, twala kodi yake na kuacha nyumba ianguke, na hali fik-hi imesema wazi kwamba matengenezo ya kitu cha wakfu hutangulizwa kabla ya wanaokula mazao yake.

Kwa nini wafanya biashara wetu, ambao nyama wanayokula na kuuza Mombasa na Malindi nyingi yake imepita katika soko la mifugo la Garissa, wasishirikiane kununua duka moja au mawili, hapa au huko, yakawa wakfu kwa sharti moja tu lililoandikwa mbele ya wakili na kadhi: kodi yake itengeneze pampu, mabomba na vyoo vya mitaa ya chini iliyo kando ya mto? Wala lisiwe na karamu ya kulifungua. Harusi moja ya siku hizi, pamoja na ukumbi wake na keki yake ya ghorofa, ingenunua mabomba ya mtaa mzima, na bwana harusi angepata mke yule yule.

Mvua za vuli huanza mwezi wa Oktoba. Kabla ya hapo inatakiwa wapatikane huko Garissa vijana kumi wenye daftari na kamba, waende mtaa kwa mtaa, waandike: kalvati hili liko hapa, upana wake ni kadha, kisima hiki kina kina kadha, choo hiki kiko hatua kadha kutoka kisimani, maji ya 2023 yalifika alama hii ya ukuta, na ya 2024 yalifika hii. Nakala moja ikae msikitini, moja kwa mkubwa wa kaunti, na moja iletwe kwetu pwani kwa wenye kuchanga, ili siku mto utakapopanda asiwepo wa kuuliza kilichokuwako kilikuwa wapi, wala wa kudai mali ya kutengeneza kisichokuwako.

Wabillahi ttaufiq.